Jibu la Kumfurahisha Mama Mkwe

Lowell Skaar alidanganya mbele ya mji mzima, na mtu pekee aliyejua kwamba anadanganya alikuwa Ardis, aliyekaa naye meza moja ya wagombea.

Swali lenyewe halikuwa na kona. Bi. Pickering, mkutubi wa mji, alilisoma kwenye kadi polepole: je, shule ndogo ya msingi ya Elk Hollow ibaki wazi, au ifungwe na watoto wake waletwe hapa Torsby kwa basi? Tangu theluji ya kwanza watu hawakuwa na habari nyingine. Kiti cha bodi ya shule kilikuwa kimoja, wagombea wawili, na kila aliyekuja Jumamosi ile mchana kukaa kwenye viti vya ngazi vya ukumbi wa michezo alikuwa amejipangia majibu kichwani kabla hayajatoka. Ardis Tollefson, binti wa Mwalimu Verna aliyefundisha kule miaka mingi, angeitetea Elk Hollow. Lowell, fundi wa mashine za kukamulia, angesema ifungwe. Alikuwa ameshasema hivyo kwenye kila zizi la wilaya, akiwa amelala chini ya pampu huku miguu tu ndiyo inaonekana.

Sasa alikishika kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Nimefikiri upya. Elk Hollow ibaki wazi."

Ukumbi ukavuma. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe." Mstari wa mbele, Verna, mwenye koti lake la kijivu mapajani, aliitikia kwa kichwa mara moja tu, kama mwalimu anayetia alama ya vema.

Ardis alimgeukia Lowell. Lowell hakumwangalia. Alikuwa anakitazama kikombe chake cha maji kana kwamba kimepasuka, na masikio yake yalikuwa mekundu mpaka shingoni.

Zamu yake ilipofika, Ardis alijikuta anasema kwamba Elk Hollow ndiko alikosomea, na ndiko alikojifunza kuteleza kwenye barafu, na kwamba moyo wake uko kule. Makofi yakapigwa. Alikaa akijisikia vibaya, kama mtu aliyesifiwa kwa keki aliyoinunua dukani. Bi. Pickering akatangaza mapumziko ya kahawa, kisha wagombea wangerudi kutoa maneno ya mwisho.

Ardis hakungoja. Alichukua jagi la maziwa ambalo lilikuwa bado limejaa na kuelekea jiko la shule. Mlangoni mzee Orrin Hegge, mwenye keki mbili kwenye leso, alimpisha.

"Mgombea anakwenda kuosha vikombe," Orrin alisema. "Hapo sasa umepata kura yangu."

"Kura yako nimeshaipata, Orrin. Rudisha keki moja."

Lowell aliingia nyuma yake na sinia la vikombe ambalo hakuna aliyemtuma kulileta.

"Funga mlango," Ardis alisema.

"Watu watasema."

"Wameshasema tangu tulipoanza kula samaki meza moja kila Ijumaa. Funga."

Akafunga. Akaliweka sinia chini taratibu, vikombe visilie.

"Umebadili mawazo lini?" Ardis aliuliza.

"Tulikubaliana hatuzungumzi mambo ya shule."

"Tulikubaliana hatuyazungumzi tukiwa tunakula. Hatukukubaliana uje unisomee hapa maneno ya mama yangu neno kwa neno."

"Watu hubadilika, Ardis."

"Hubadilika, ndiyo. Ila wewe ukidanganya masikio huwaka."

Lowell aligusa sikio lake kabla hajajizuia. Alikuwa mwanamume mkubwa, mabega kama mlango wa zizi, lakini pale kwenye jiko la watoto, katikati ya meza fupi, alionekana kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Nilikwenda kwa mama yako," alisema mwishowe. "Jumapili, baada ya kanisa."

"Kufanya nini?"

"Kukuposa. Nilivaa tai."

"Wewe una tai?"

"Ya Orrin." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Alinikaribisha vizuri sana. Akanimiminia kahawa, akanikatia keki, akaniuliza habari za mama yangu kule Eau Claire. Nikamweleza nia yangu. Akanimiminia tena. Halafu akasema, Bwana Skaar, mtu aliyeifunga shule yangu sitaweza kumwita mkwe. Alisema kwa upole tu, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Nikamuuliza, na isipofungwa? Akasema, isipofungwa utakuwa umekaribishwa."

"Ukauza."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi, Lowell? Mama alitaja bei ukalipa."

"Nilifikiri hivi." Alivua kofia, akaivaa tena. "Kuna shule nyingi. Hata ikibaki wazi, itakufa yenyewe baada ya miaka michache, familia zinahama. Lakini wewe ni mmoja. Na wewe bila mama yako hutakuwa mzima, nakujua. Utanipenda mwaka wa kwanza, mwaka wa pili utaanza kuangalia barabara ya kwake. Nikaona nikisema neno moja tu, yote yanapona."

Hapo Ardis alihisi kitu kikimlainika kifuani, akakichukia. Ni rahisi kumkasirikia mwanamume mwongo. Huyu alikuwa amedanganya kwa sababu ya kumjua sana.

"Mume wangu Dale alipokufa," alisema, "mji huu wote ulikuja kwangu na sahani. Viazi na nyama, viazi na kuku, viazi na viazi. Na wote wakaniambia naendelea vizuri. Mchungaji, kaka zake Dale, mama. Unaendelea vizuri, Ardis. Mimi nilikuwa nalala zizini na buti miguuni kwa sababu sikuwa na nguvu ya kurudi nyumbani. Ukaja wewe, sikukujua, hukunijua, kurekebisha pampu. Ulitoka chini ya mashine, ukanitazama, ukasema uza ng'ombe hawa kabla hawajakuzika."

"Ukanifukuza."

"Nilikufukuza na spana nikakurushia. Halafu nikauza. Nikapata kazi ya ofisi kiwanda cha jibini, nikaanza kulala kitandani, mwanangu Britta akapata mama tena. Sasa wewe unadhani nilikupendea nini? Macho?"

"Nilidhani na macho yamo."

Ardis karibu acheke. Akageuka, akafungua bomba, akaanza kuosha kikombe kisafi.

"Nilikupendea kwamba wewe ni mtu mmoja katika wilaya hii ambaye akiniambia kitu nakiamini," alisema bila kugeuka. "Leo umenichukulia hicho. Sasa ukiniambia nimependeza, nitajuaje? Ukiniambia hujachoka na mimi, nitajuaje? Nitakuwa naangalia masikio maisha yangu yote?"

Kule ukumbini vijiko viligonga vikombe, na mtu alikuwa anasimulia jinsi barafu ya ziwa ilivyokatika mapema mwaka huu.

"Sawa," Lowell alisema. "Mimi nimekosa. Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Umejibu nini pale mbele? Nilisikiliza vizuri. Umesema kuteleza kwenye barafu. Hukusema ibaki, hukusema ifungwe."

"Hilo ni jibu la mgombea."

"Hilo ni jibu la mtu anayemwogopa mama yake kuliko ninavyomwogopa mimi." Alisogea karibu, sauti ikashuka. "Ardis, Britta ana miaka tisa na anashika kitabu kama anashika sahani ya moto. Hilo hukulisikia kwangu. Ulinieleza wewe, kwenye gari, ukilia. Mwalimu anayejua watoto wa namna ile yuko hapa mjini kila siku. Elk Hollow anakwenda mara moja kwa wiki, na theluji ikikataa haendi. Wewe unataka mtoto wako aje huku. Unataka wote waje. Mama yako ndiye aliyekuchukulia fomu, ukajaza, na tangu siku hiyo unazunguka wilaya nzima ukisema barafu."

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Ila usinihukumu peke yangu."

Ardis alikishika kikombe chini ya maji ya moto mpaka vidole vikauma. Alikuwa anataka kusema kwamba si kitu kimoja. Kwamba Lowell alisema uongo, yeye alinyamaza tu. Lakini alikuwa amekulia hapa, alijua kunyamaza kwa watu wa huku kunafanya kazi gani. Chakula kibaya hapa hakiitwi kibaya, huitwa cha aina yake. Mgeni asiyependwa huulizwa kama njia ya kurudi anaijua. Na kuhusu Britta, mwalimu wa darasa alisema anachukua muda wake, jirani akasema anachukua muda wake, Verna mwenyewe akasema hivyo, akamkata mjukuu kipande kikubwa zaidi cha keki. Mtoto alikuwa amechukua muda wake tangu darasa la kwanza. Muda ulikuwa wake kweli, na ulikuwa unakwisha.

Na bado mama hakuwa mjinga. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Elk Hollow duka lilikwishafungwa, na mchungaji alikuja Jumapili moja na kuacha nyingine. Shule ndiyo taa iliyobaki. Verna alifundisha pale mpaka nywele zikawa nyeupe. Alijua mtoto gani hakunywa chai asubuhi na baba gani amelewa, kabla mtoto hajavua koti. Alikuwa na haki ya kuuliza mjini nani angejua hayo. Alikuwa na haki ya kuuliza kuhusu watoto wa miaka mitano kwenye basi asubuhi ya giza, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Verna.

"Watu wanauliza maziwa," alisema. Aliliona jagi lililojaa, akamwona binti yake, akamwona Lowell, kila kimoja kwa zamu yake. "Jibu lako lilikuwa zuri, Bwana Skaar."

"Asante, Mwalimu."

"Nilijua wewe ni mtu wa kusikiliza. Jumapili ijayo nitapika nyama ya nguruwe. Unakula nguruwe?"

"Nakula chochote, Mwalimu."

Ardis aliwatazama. Mama yake alikuwa amefurahi, furaha ya kweli, ambayo Ardis hakuwa ameiona usoni mwake tangu baba afariki. Na Lowell aliyasema yale maneno, nakula chochote, huku mabega yake makubwa yameshuka, kofia mkononi, macho kwenye sakafu. Ardis akaziona Jumapili zote zijazo, nyama ya nguruwe na viazi, na mwanamume huyu amekaa mezani ameinama, anakubali kila kitu, mpaka siku moja yeye Ardis amtafute yule wa chini ya pampu asimpate.

"Mama," alisema.

"Utaniambia baadaye. Wanatungoja." Verna akachukua jagi akatoka.

"Ardis," Lowell alisema.

"Usiniambie kitu sasa hivi."

Kwa kura ya kokoto waliyochota kupanga zamu, Ardis ndiye aliyetangulia kusema maneno ya mwisho. Dakika mbili, Bi. Pickering alikumbusha, kadi ya njano ikionekana, malizia. Ardis alisimama. Alikuwa amekariri kitu kuhusu uwanja wa michezo na paa linalovuja. Hakikuja. Alimtafuta mama yake mstari wa mbele, akamwambia yeye, kama hakuna mwingine.

"Nilisoma Elk Hollow," alisema, "na mwalimu wangu alikuwa mama yangu. Hakuna nilichojifunza baada ya hapo ambacho hakikuanzia kwake. Kwa hiyo nilipogombea sikujiuliza nafikiri nini. Nilijua mama anafikiri nini, nikachukua hiyo."

Mtu alicheka kidogo, akaacha.

"Pale nina mtoto. Mnamjua. Mnaniambia anachukua muda wake. Hajui kusoma. Ana akili, anafanya hesabu kichwani kunishinda, lakini hasomi, na shule yetu ina walimu wawili kwa madarasa sita, na hao wawili wanakufa kwa kazi. Anahitaji mtu wa kukaa naye kila siku. Mtu huyo yuko kwenye jengo hili. Wako watoto wengine kama yeye kule kwetu, siwataji, wazazi wao wamekaa hapa na wanajijua." Kadi ya njano ikapanda. "Basi ni refu. Nalichukia. Nikichaguliwa nitapigania basi lipunguzwe njia na wadogo wawe na mtu mzima ndani. Lakini nadhani Elk Hollow ifungwe. Ndivyo ninavyofikiri. Samahani, mama, nimekuambia mbele za watu kwa sababu jikoni tusingefika mwisho."

Hakukuwa na makofi. Alikaa. Aliiweka mikono chini ya meza, na chini ya meza hakuna aliyeishika. Alifurahi kwamba hakuna aliyeishika. Kama Lowell angemshika sasa ingekuwa huruma.

Lowell alisimama. Alikisogeza kipaza sauti karibu.

"Mimi ni fundi," alisema, "kwa hiyo nitasema haraka. Kabla ya kahawa nilisema Elk Hollow ibaki wazi. Sikumaanisha. Mnajua ninachofikiri, nimeshawaambia wengi wenu mkiwa mmeshika tochi. Nilisema vile kwa sababu nataka kumwoa huyu mwanamke aliyekaa hapa, na ninamwogopa mama yake."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Orrin Hegge alicheka mpaka akapigwa mgongo. Bi. Pickering aliinua kadi nyekundu ingawa muda haukuisha, pengine kwa kukosa la kufanya. Mstari wa mbele Verna hakucheka. Alikuwa amekaa wima, koti mapajani, kama amekaa peke yake.

"Ndiyo hivyo," Lowell alisema. "Kama mnataka mtu wa kuwapendeza msinichague. Leo nimejaribu na nimeona siwezi." Akakaa. Hakumgeukia Ardis, lakini mabega yalikuwa yamerudi mahali pake, na Ardis alijikuta akiyatazama wazi, bila kujali nani anamwona.

Nje theluji ilikuwa imeyeyuka kuwa tope. Verna alikuwa amesimama kando ya gari la Ardis, ameshavaa koti, vifungo vyote. Ardis alimwendea. Lowell alifuata nyuma hatua chache, akasimama.

"Umemtaja mtoto mbele za watu," Verna alisema.

"Britta anajua hajui kusoma, mama. Sisi wakubwa ndio tulikuwa tunajificha."

"Mimi nilijua." Verna alikuwa anaangalia shule, si binti yake. "Krismasi ya mwaka juzi nilimpa kadi asome. Akakisia. Alikisia vizuri, kama watoto wenye akili wanavyokisia. Nimefundisha miaka yote hiyo, unafikiri sikuona? Niliona kabla yako."

"Mbona hukusema?"

Upepo ulimpeperushia Verna nywele usoni, hakuziondoa. "Ningesema, ingebidi niseme na kwamba kule hatuwezi kumsaidia. Nikaona nimwache kidogo. Kidogo tena." Midomo yake ikakazana. "Lile ndilo nitakalolala nalo mimi. Si lenu."

Ardis alitaka kumshika. Mama yake hakuwa mtu wa kushikwa hadharani, kwa hiyo alisimama karibu tu, bega kwa bega, mpaka Verna akapenga kamasi na kuirudisha leso mfukoni.

"Sitampigia kura yeyote kati yenu," Verna alisema.

"Sawa, mama."

"Na bado naona mnakosea, wote wawili. Kuhusu basi hamjui lolote. Mmeshawahi kupanda basi na mtoto wa miaka mitano anayetaka kwenda chooni?" Aligeuka, akamwona Lowell amesimama kwenye tope na viatu vyake vizuri. "Wewe. Gari lako liko wapi?"

"Lile pale, Mwalimu. Lina vyuma vyuma ndani."

"Ondoa vyuma kiti cha mbele. Nitarudi na wewe."

"Mama, nimekuja na wewe," Ardis alisema.

"Wewe nimekukasirikia. Huyu bado sijamwanza." Verna alishaanza kutembea. "Mpaka Elk Hollow ni mwendo mzuri, nina mengi ya kumwambia kuhusu shule."

"Na nikikupinga?" Lowell aliuliza.

Verna alisimama, akamtazama kutoka viatuni mpaka kofiani, kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua kuna nini mle.

"Pinga," alisema. "Kwani nimekukataza?"

Lowell alimtupia Ardis jicho moja juu ya paa la gari. Masikio yake hayakuwa mekundu. Kisha akainama ndani, akaanza kuhamisha mabomba na minyororo kutoka kiti cha mbele, huku Verna akimwelekeza vya kupanga.

Ardis aliendesha nyuma yao njia nzima. Barabara ilipopanda kilima aliweza kuwaona vizuri kupitia kioo cha nyuma cha gari lile: kidole cha mama yake kikipanda na kushuka, na kichwa kikubwa cha Lowell kikitikisika, hapana, hapana, kisha kikatulia kusikiliza, kisha hapana tena. Kwenye kona ya kinu cha zamani Lowell alisahau kuwasha taa ya kugeukia, kwa sababu mkono wake ulikuwa hewani, unaeleza kitu.